Barua ya wazi kwa Kamati ya Mitaala: msiwafundishe wahandisi kumlaumu mtumiaji

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Mitaala ya Programu za Uhandisi na Kompyuta

Ndugu Mwenyekiti, Waheshimiwa Wajumbe,

YAH: KUFUTWA KWA SOMO LA NADHARIA ZA MABADILIKO YA TEKNOLOJIA KATIKA JAMII

Tafadhalini husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii mngeisoma faraghani kama zile zilizotangulia zingepata majibu. Nilipeleka malalamiko kwa mkuu wa idara, nikaambiwa niiandikie kamati. Nikaiandikia kamati, nikaambiwa suala linafanyiwa kazi. Nilipouliza limefanyiwa kazi gani, nikarudishwa kwa mkuu wa idara. Danadana hizo zimeendelea mpaka mtaala mpya umepitishwa na ratiba imebandikwa ukutani. Sasa naandika hadharani, kwa heshima ileile, lakini safari hii kila mwenye mtoto chuoni na kila anayetumia mifumo inayobuniwa na wahitimu wetu naye asome.

Nina jambo moja tu. Mnasema mmeondoa nadharia ili kupisha vitendo. Si kweli. Mmeziondoa zile zilizokuwa zikishindana, mkabakiza moja bila kuitaja jina, na hiyo moja inamfundisha mhandisi kwamba mfumo ukikwama mwenye kosa ni aliyeutumia. Nafundisha sosholojia ya teknolojia na nasimamia miradi ya mwisho ya wanafunzi wa kompyuta, kwa hiyo matunda yake nayaona kwenye ripoti zao. Fungua sura ya mapendekezo, utaikuta sentensi ileile: "Watumiaji wapewe elimu zaidi." Mfumo wa kusajili wagonjwa umeachwa baada ya wiki chache? Wauguzi wapewe elimu. Wakulima hawafungui ujumbe wa hali ya hewa? Wakulima wapewe elimu. Sijakutana bado na ripoti inayopendekeza mbunifu ndiye apewe elimu.

Hoja zangu ni hizi.

1. Nadharia mliyoibakiza inaficha maswali ya msingi

Utangulizi wa mtaala mpya unasema lengo ni kuandaa wataalamu wa kuisaidia jamii iendane na kasi ya teknolojia. Maneno hayo yanapita masikioni kama salamu, lakini yamebeba nadharia nzima. Mwanasosholojia wa Marekani William Ogburn aliieleza mwaka 1922: vitu hubadilika upesi, halafu sheria, desturi na taasisi hufuata kwa kuchelewa. Ogburn alikuwa msomi makini, na hoja yake ina mahali inapofaa. Sheria za kuwalipa fidia wafanyakazi walioumizwa na mashine zilikuja miaka mingi baada ya mashine zenyewe, na katika miaka hiyo watu walipoteza vidole na mikono bila kulipwa chochote.

Ila nadharia hiyo ikibaki peke yake darasani, teknolojia inakuwa kama mvua: inakuja tu, na kazi ya binadamu ni kutafuta mwavuli. Nani ameitengeneza, kwa fedha za nani, kwa nini imekuwa hivi na si vile, hayo hayaulizwi tena.

Wanafunzi wa somo lililofutwa waliyauliza kupitia baiskeli. Wanasosholojia wa teknolojia Trevor Pinch na Wiebe Bijker, katika makala yao ya mwaka 1984, walirudi kwenye ile baiskeli ya karne ya 19 yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Vijana wenye ubavu waliipenda kwa sababu ilikuwa ya hatari, na juu yake walionekana mashujaa. Wanawake waliovaa magauni marefu, pamoja na wazee, waliiona chombo cha kuvunjia shingo. Chuma ni kilekile, lakini kila kundi lilikiona kitu tofauti. Tairi la upepo la Dunlop lilipotokea mwaka 1888, lilinadiwa kama dawa ya mtikisiko, na wanamichezo wakalicheka kwa sababu mtikisiko haukuwa shida yao. Lilipoanza kushinda mashindano, likageuka ghafla kuwa kifaa cha kasi, na ubishi ukafa. Umbo la baiskeli tunaloliona la kawaida leo limetokana na mivutano hiyo ya makundi. Mhandisi aliyelielewa hilo, akipewa mradi, huanza kwa kuuliza makundi yanayohusika ni yapi na kila moja linakiona nini kile anachotaka kukijenga.

2. Nadharia ya usambaaji wa uvumbuzi mmeisoma nusu

Mtaniambia Everett Rogers, aliyeeleza jinsi kitu kipya kinavyoenea katika jamii, bado yupo, amehamishiwa kwenye somo la ujasiriamali. Kweli yupo, lakini kama mchoro tu wa makundi ya wanaopokea kitu kipya: wavumbuzi asilimia 2.5, wapokeaji wa mapema 13.5, wengi wa mwanzo 34, wengi wa baadaye 34, na wanaosuasua 16. Wanafunzi wanazikariri namba hizo na kutoka nazo kwenye mtihani wakiamini kwamba katika kila jamii kuna asilimia 16 ya watu wagumu wanaosubiri kusukumwa.

Wasichoambiwa ni kwamba Rogers, aliyeitoa nadharia hiyo mwaka 1962, alikuja kuikosoa fani yake mwenyewe katika matoleo ya baadaye. Alisema watafiti wa usambaaji wana kasoro ya kudhani kila uvumbuzi ni mzuri na unafaa kupokelewa na wote. Akaongeza ya pili: wanamlaumu mtu binafsi na kuuacha mfumo unaomzunguka. Yaani mwenye nadharia alishaona kosa tunalolifanya sisi leo, akaliandika, na sisi tumeuchana ukurasa.

Ni yeye pia aliyekifanya kijulikane kisa cha Los Molinos, kijiji kimoja cha Peru, ambacho nilikuwa nakitumia muhula mzima. Mhudumu wa afya alitumwa kuwashawishi akina mama wachemshe maji ya kunywa. Akapita nyumba kwa nyumba kwa miaka 2. Kati ya familia zipatazo 200, walioshawishika ni 11. Mtaala wetu mpya ungeandika kwamba elimu zaidi inahitajika. Lakini pale kijijini vyakula na vinywaji viligawanywa kuwa vya moto na vya baridi, mgawanyo usiohusiana na joto lake halisi, na maji yaliyochemshwa yalikuwa ya mgonjwa. Mtu mzima wa afya hakuwa na sababu ya kuyanywa. Juu ya hayo, baadhi ya akina mama maskini walimwona mhudumu mwenyewe kama mtu aliyetumwa kuwakagua uchafu. Habari za vijidudu walikuwa wamepewa, tena sana. Aliyehitaji kujifunza ni yule aliyeupanga mradi.

3. Dodoso si nadharia

Hili nalipita haraka. Kielelezo cha Fred Davis cha mwaka 1989, cha kupima kama watu wataikubali teknolojia, kinauliza mambo mawili: je, mtumiaji anaona mfumo una manufaa, na je, anauona rahisi. Kwa kazi iliyokusudiwa, kinafaa. Kwetu kimegeuka kuwa dodoso la kila mradi, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali sana". Karani ambaye bosi wake ameshaamuru mfumo utumike atajaza nini hapo?

4. Hakuna tena mahali pa kuuliza nani amefaidika

Mwananadharia wa siasa wa Marekani Langdon Winner, katika makala ya mwaka 1980, alisimulia habari ya mashine ya kuvuna nyanya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California walianza kuibuni mwishoni mwa miaka ya 1940. Mashine hiyo ilizikwaruza nyanya laini, basi wataalamu wa mbegu wakazalisha nyanya ngumu, zisizo na utamu wa zile za awali. Bei yake ilipita dola 50,000, kwa hiyo ilimfaa mwenye shamba kubwa. Wakulima wa nyanya walikuwa takriban 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia mwaka 1973 walibaki kama 600. Mwishoni mwa muongo huo ajira zilizopotea zilikadiriwa kuwa 32,000.

Winner alisisitiza jambo ambalo wanafunzi wangu huchelewa kulikubali: hapakuwa na njama. Hakuna kikao kilichokaa kuwafukuza wakulima wadogo. Kila mtafiti alifanya kazi yake vizuri, akapandishwa cheo, na matokeo yakaangukia upande uleule wa wenye nacho. Mhitimu wa mtaala mpya akipewa kisa hiki ataandika kwamba uvumbuzi ulifanikiwa na baadhi ya wakulima walishindwa kuendana na kasi. Na hatakuwa amedanganya, maana ndivyo tulivyomfundisha kuona.

Nisieleweke kwamba nataka Winner akaririwe naye. Makala hiyohiyo ina kisa maarufu cha madaraja ya Robert Moses, aliyesimamia ujenzi wa barabara na bustani za New York, kule Long Island, yanayodaiwa kujengwa chini makusudi ili mabasi ya maskini na watu weusi yasipite. Mwaka 1999 Bernward Joerges alikipekua kisa hicho na kuonyesha mapengo yake. Tulikuwa tunawasoma wote wawili kwa pamoja, na darasa lilikuwa halitoshi kwa kelele. Mwanafunzi wa uhandisi anayegundua kwamba hoja nzuri inaweza kusimama juu ya mfano mbovu amejifunza kitu ambacho maabara haitampa.

5. Kila kifaa kimeshamchora mtumiaji wake

Hapa ndipo inaponiuma zaidi, kwa kuwa hiki ni kitu cha mikono, si cha falsafa. Mwanasosholojia wa Ufaransa Madeleine Akrich alichunguza seti ya taa za umeme wa jua iliyobuniwa ili ipelekwe nchi zinazoendelea. Wabunifu walitaka isiharibiwe. Basi betri ikafungwa isifunguke, plagi zikawekwa za aina isiyouzwa madukani, na nyaya zikakatwa kwa urefu maalumu. Chumba kikiwa kikubwa kuliko alivyowaza mhandisi, taa haifiki. Kitu kikiharibika, fundi wa jirani hana cha kufanya. Ndani ya plagi ile kulikuwa na maoni kuhusu mtumiaji: kwamba haaminiki. Hakuna aliyeyaandika maoni hayo popote, ila kila aliyejaribu kuirefusha waya aliyasoma.

Vivyo hivyo kwa kisoma alama za vidole. India ilianza kutoa namba za utambulisho za Aadhaar mwaka 2010, na baadaye alama za vidole zikawa njia ya kuthibitisha nani apewe chakula cha ruzuku. Vidole vya mtu aliyebeba matofali na kushika jembe maisha yake yote vimesagika, mistari imefutika. Mashine inamkataa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku foleni ikinguruma nyuma yake. Aliyebuni alikuwa na kidole fulani kichwani, na hakikuwa cha kibarua. Sasa niambieni, hapo elimu kwa mtumiaji itafundisha nini? Kuotesha mistari upya?

Na kinyume chake kipo. Marianne de Laet na Annemarie Mol waliandika mwaka 2000 kuhusu pampu ya maji ya vijijini nchini Zimbabwe. Mbunifu wake, Peter Morgan, hakutaka kuiwekea hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze. Bolti zikipungua, bado hutoa maji. Kijiji hushiriki kuchimba kisima, na ushiriki huo ni sehemu ya pampu kama ulivyo mpini wake. Kifaa kilichobuniwa kwa kukubali kwamba kitaguswa, kitafunguliwa na kubadilishwa na watu wasio mainjinia kimedumu. Mwanafunzi akiweka visa hivi viwili mezani, taa na pampu, hahitaji mhadhara.

6. Kompyuta kuaminiwa kuliko mtu

Shirika la posta la Uingereza lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon mwaka 1999. Mfumo ukaonyesha upungufu wa fedha kwenye vituo vidogo vya posta, na wasimamizi wa vituo hivyo wakashtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengi walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa ni wao peke yao wenye shida hiyo. Mahakama nazo zilianza na dhana kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Desemba 2019 ndiyo iliyosema wazi kwamba hitilafu za mfumo zingeweza kuleta upungufu huo, na ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 2024 ili kufuta hukumu kwa jumla.

Wahandisi waliojua kwamba mfumo una hitilafu walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu ndani ya jengo lile mwenye mazoea ya kuuliza: inawezekanaje watu wote hawa, ambao jana walikuwa waaminifu, wawe wezi tangu mashine ilipofika? Swali hilo halitoki kwenye somo la hifadhidata.

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu mengine nimeshayasikia kwenye korido.

"Nafasi kwenye ratiba haitoshi." Ni somo la muhula mmoja. Mtaala huohuo una masomo mawili ya ujasiriamali yanayorudia mada zilezile, na nipo tayari kuonyesha wapi.

"Waajiri wanataka ujuzi, si nadharia." Waajiri ndio wanaopata hasara. Mwanahistoria wa uchumi Paul David alieleza mwaka 1990 kwa nini umeme ulichukua kama miaka 40 kuongeza tija viwandani Marekani. Wenye viwanda walinunua mota moja kubwa, wakaiweka mahali pa injini ya mvuke, wakaacha mikanda na mihimili vilevile. Faida ilikuja hasa miaka ya 1920, pale kila mashine ilipopewa mota yake na jengo likapangwa upya kufuata kazi. Taasisi inayonunua kompyuta na kuendelea kupitisha faili lilelile meza zilezile kwa saini zilezile inarudia hadithi hiyo. Mwajiri anayemtaka mtu wa kumwambia hivyo kabla hajalipa atampata wapi?

"Hizo ni nadharia za Magharibi." Hili ni la kweli nusu, na ningependa tulijadili kwa siku nzima. Lakini Ogburn, Rogers na Davis, ambao mmewabakiza, wote ni Wamarekani. Kama tatizo ni asili, mngewaondoa na wao. Tena vifaa vya kuzijibu nadharia hizo tunavyo. Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya mwaka 2005 yalilenga urejeshaji wa mikopo midogo. Watumiaji wakakipeleka chombo kwenye mahitaji yao, na kilipozinduliwa mwaka 2007 kikauzwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kisa hicho kingeweza kuzaa nadharia iliyoandikwa na mwanafunzi wetu. Ila hawezi kubishana na asichokisoma.

"Maandishi yenyewe ni magumu." Baadhi ni magumu, na Bruno Latour, mwanasosholojia wa sayansi wa Ufaransa, anachosha hata sisi tunaolipwa kumsoma. Kazi ya mwalimu ni nini, basi?

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naiomba kamati yafuatayo:

(a) Somo lirudishwe, liwe la lazima, na lifundishwe kabla mwanafunzi hajaanza mradi wa mwisho. Likija baada ya mradi halina maana.

(b) Kila ripoti ya mradi itaje makundi yote yanayoguswa na mfumo, wakiwemo walioukataa, na ieleze sababu zao kwa maneno yao wenyewe. Pendekezo la "watumiaji wapewe elimu" lisikubaliwe mpaka mwandishi aonyeshe ni kitu gani hasa walikuwa hawakijui.

(c) Kwenye jopo la kutahini miradi awemo angalau mwalimu mmoja wa sayansi ya jamii, mwenye kura, asiwe mgeni mwalikwa.

(d) Muhtasari wa kikao kilichofuta somo utolewe kwa wahadhiri na wanafunzi. Mpaka leo hatujui nani alitoa hoja wala ilipingwa na nani.

Nipo tayari kuitwa mbele ya kamati siku yoyote, na wapo wahitimu walio kazini walioniomba waje nami kutoa ushuhuda wao. Naomba jibu liwe la maandishi, lenye saini, na lije kabla usajili wa muhula ujao haujafungwa, kwa kuwa baada ya hapo kundi jingine zima litakuwa limeingia kwenye mtaala huu.

Wenu katika kazi,

Mhadhiri wa sosholojia ya teknolojia

Nakala:
Wakuu wa idara zote za uhandisi na kompyuta
Viongozi wa serikali ya wanafunzi